Matete ya Shemeji Cuthbert

Siku shemeji yangu Cuthbert alipopotea nilikuwa dukani kwangu Mbinga mjini, nashona magauni ya kwaya. Mvua ya Januari ilikuwa inanyesha taratibu, ile ya kutwa nzima, na mteja mmoja alikuwa ananilalamikia kola. Hakuna bundi aliyelia wala mbwa aliyebweka vibaya. Dada yangu Walburga akapiga simu kuuliza kama mumewe amepita kwangu, maana aliingia zamu msituni jana yake na hajarudi. Nikamwambia atakuwa ameteremka ziwani kuwaona ndugu zake, asinichanganye, nina kazi. Akakata simu, nami nikaendelea na kola.

Cuthbert alikuwa askari wa Msitu wa Lukombo, ule unaoonekana juu ya kijiji chetu cha Matiri, mweusi hata jua likiwa kali. Alikuwa Mnyasa wa pwani ya ziwa, mtoto wa wavuvi na Waanglikana, na ndoa yake na dada yangu ilizisumbua familia zote mbili, maana kwetu ni Wakatoliki na wakulima wa kahawa. Lakini alikuwa mtu mwema, mcheshi, na aliupenda ule msitu kuliko sisi tuliozaliwa chini yake. Aliijua miti ya mibula yenye mashina ambayo watu wazima wakishikana mikono hawayazungushi, aliijua mikulo yenye harufu ya dawa, alijua mbega wanalala mti gani na kwa nini perere analia kama mtu anayekabwa.

Kwenye lango la msitu ofisi iliweka kibao kilichosema kwamba huu ni msitu wa asili ambao haujawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Cuthbert alikuwa akikicheka. Alisema ndani kabisa, chini ya miti mikubwa, kuna ngolo.

Asiyetoka milimani kwetu huenda hajui ngolo. Ni mashimo tunayolimia kwenye miteremko. Mwanamume anafyeka majani, anayaacha yakauke, kisha anayalaza chini kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa na miraba. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Katikati linabaki shimo la kushika maji, na juu ya matuta tunapanda maharage. Ni kazi ya watu wawili. Kwetu mwanamke akikuta majani ya mumewe yamelazwa haulizi swali, anafunika.

Ngolo za Lukombo zilikuwa za watu waliokimbia vita vya Wangoni zamani na hawakurudi. Mtaalamu mmoja wa chuo alipima na kusema mashimo yana umri mkubwa kuliko miti. Msitu uliota juu ya mashamba yao. Sisi tuliambiwa tangu utotoni tusipite upande huo, ila hakuna aliyetuambia kwa nini, na hiyo ndiyo tabia ya watu wa kwetu inayonikera mpaka leo. Wanakukataza kitu, halafu wananyamaza.

Cuthbert mwenyewe alikuwa hajui kulaza majani. Mikono yake ilizoea nyavu. Kila pembe ya mraba alikuwa akiifunga fundo, fundo la wavuvi, eti yasiteleze. Tulimcheka mpaka machozi. Dada akasema tumwache, udongo hauna habari na mafundo.

Basi akapotea. Na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kupotea na dunia isijisumbue hata kunyanyua kichwa. Ofisi ya msitu ilimwandika mtoro kazini. Kituo cha polisi walitaka picha, tukapeleka, wakasema tusubiri, na tuliporudi picha ilikuwa haionekani. Mmoja alinishauri tuache kujiaibisha, wanaume wengi wa zamu huvuka kwenda Msumbiji kwa wanawake wengine. Mtaani Mbinga wakasema amegeuzwa ndondocha, yaani mtu anayelimishwa na wachawi huku kwao wanamlilia. Hamphrey, kaka yake Cuthbert, alipanda kutoka ziwani na mchungaji wao, akataka tufanye ibada tumalize msiba. Dada alikataa. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye hajaiona maiti yake, na asiyekufa haombolezwi.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: dada atoke kwenye ile nyumba pembeni mwa msitu aje akae nami mjini. Wazazi wetu hawapo, tumebaki wawili. Kila nilipomwambia alinibishia. Dada yangu ni mbishi tangu tunanyonya. Ukimwambia chai ina moto, ataigusa kwanza ndipo akukubalie.

Machi ikafika, msimu wa maharage. Nikafunga duka nikapanda kumsaidia kulima, maana mwanamke peke yake haliwezi shamba la ngolo. Nilitegemea kumkuta amekonda na macho yamevimba. Nikamkuta anaimba. Alinichemshia chai, akanipa kiazi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba shemeji yangu yupo.

"Analaza majani, Devotha," akasema. "Mimi nafunika. Tutafika tu."

Nikamuuliza wapi. Akaonyesha msitu kwa kidevu.

Nilitazama shamba lake la nyumbani. Halikuwa limeguswa, magugu yamefika kiunoni. Nikatazama jembe lake mlangoni. Lilikuwa limeng'aa kwa kazi, na udongo uliokuwa umeshika kwenye mpini ulikuwa mweusi. Udongo wa shamba letu ni mwekundu.

Nikagombana naye jioni ile yote. Nikamwambia kama mumewe yu hai aje nyumbani ale ugali kama watu wengine, asijifiche porini. Akasema haonekani, ila kila asubuhi anakuta mraba mpya umelazwa, na pembe zote zina mafundo. Nani mwingine anafunga mafundo? Nikasema mtu anamchezea. Akasema basi anayemchezea anajua kazi. Nikalificha jembe darini. Kesho yake alichimba kwa mikono, akarudi kucha zimevunjika na uso umetulia, na mimi nikakaa jikoni nikalia kwa hasira, maana utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Nikaamua kwenda naye. Nilikuwa na mpango: nione huo upuuzi kwa macho yangu, niutawanye kwa miguu, nimshike dada mkono, tuteremke naye moja kwa moja mpaka Mbinga.

Tuliingia baada ya chakula cha mchana. Kulikuwa na jua nje, lakini ndani ya Lukombo jua linafika chini vipande vipande. Kima walikuwa wanatupigia kelele juu ya mibula, hondohondo wakapita na mbawa zao zenye kishindo. Dada alitangulia, jembe begani, maana nilikuwa nimemrudishia ili asiharibu mikono. Alijua njia. Palipokuwa hakuna njia napo alijua njia.

Tulipoanza kukanyaga mashimo, kima walinyamaza. Wote.

Mteremko ulikuwa umejaa ngolo za zamani, zimefunikwa na majani makavu na mizizi. Lakini katikati yake kulikuwa na ngolo mpya. Matuta meusi, yamepigwa vizuri, safu juu ya safu, yanapanda mlima mpaka yanapotea kati ya miti. Dada yangu alikuwa amefunika yote hayo peke yake. Na mwisho wa safu ya juu kulikuwa na mraba ambao haujafunikwa.

Niliukaribia. Pembe zilikuwa na mafundo ya mvuvi. Nikainama kuyashika majani, na hapo akili ikaanza kunigomea. Chini ya miti ile hakuna nyasi hata moja, kivuli hakiruhusu. Yale hayakuwa nyasi. Yalikuwa matete, yale ya kando ya ziwa, mabichi, yanadondosha maji. Kwenye bua moja kulikuwa na konokono wadogo wa ziwani. Walikuwa wanatembea.

Kutoka Lukombo mpaka ziwani ni safari ya gari, na barabara yenyewe mnaijua.

Nikasimama. Nikataka kusema twende. Dada alikuwa ameshaanza kuchimba, anavuta udongo anafunika, anavuta anafunika, bila haraka. Ndipo nikasikia panga. Lilikuwa juu yetu kidogo, nyuma ya mkulo mkubwa. Lilikata, likatulia, likakata. Mtu anayefyeka.

Dada hakugeuka. Akanong'ona, "Leo nimekuja na Devotha."

Panga likanyamaza.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Kwetu ukungu wa mchana si kitu cha ajabu. Lakini ndani ya ukungu ule niliona matete yanalala chini. Tita moja. Halafu lingine pembeni yake. Yalikuwa yanalazwa na mtu anayerudi kinyumenyume, kama inavyotakiwa, isipokuwa mtu hakuwepo. Fundo likajifunga. Nililiona likikazwa.

Na haukuwa mraba. Ulikuwa mrefu, mwembamba, unatosha mtu kulala. Ulipokwisha, wa pili ukaanza kulazwa ubavuni mwake.

Nikamshika dada mkono.

Alinibishia kama kawaida yake. Alisema nimwache, hajamaliza, kazi haiachwi katikati. Nikamvuta. Akanivuta. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini zaidi nilikuwa nimechukia, nimechoshwa na ubishi wake, nikamburuta kama mbuzi wa sokoni kuteremka mlima. Ukungu ukatufunika kabisa. Nikajikwaa kwenye mzizi, nikaanguka kifudifudi ndani ya shimo. Mkono wake ukanitoka.

Nikaita, "Dada."

Nikapapasa. Udongo. Mzizi. Maji. Nikaita tena.

Mkono ukaingia kwenye mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, umelowa udongo. Nikaukamata kwa nguvu zangu zote, nikainuka, nikaendelea kuteremka. Safari hii hakunivuta. Hakubisha hata neno moja. Nikamshukuru Mungu kwamba hatimaye amenisikia.

Nje ya msitu jua lilikuwa bado lipo. Bibi Gertruda, jirani yake dada, alikuwa anaokota kuni kwenye mpaka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama nilivyojaa matope. Nikamweleza kwa kifupi tulikotoka. Akaguna. Akasema majani yaliyolazwa na mtu aliyepotea hayafunikwi na mkewe, akifunika amekubali kazi. Na kule kazi haina mwisho, walioko wanaitana, mmoja anamwita wa kwao, wa kwao anamwita wa kwake, ndivyo wenye zile ngolo walivyo. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia dada tangu Februari alipomwona anapita na jembe. Akasema alidhani tunajua. Nusura nimtusi mtu mzima.

Halafu akauliza, "Na mwenzako umemwacha wapi?"

Nikamwambia huyu hapa, bibi, nimemshika mkono. Akapepesa macho yake yenye mtoto wa jicho, akasema siku hizi haoni vizuri, nimsamehe.

Nikaja na dada mjini siku ileile. Na niwaambie ukweli, ile miezi ilikuwa mizuri. Alikuwa dada niliyemtaka siku zote. Nikisema tule, anakula. Nikisema tulale, analala. Hakumtaja Cuthbert. Mchana alikaa jikoni kwenye kigoda, ameegemea ukuta, anachambua maharage yangu yote mpaka nikawa namletea ya majirani. Hakunibishia hata mara moja. Niliwaambia wenzangu sokoni kwamba dada amepona, ametulia. Kweli hakuniita kwa jina, na kweli hata baridi ya Juni ilipoanza kubana hakuomba blanketi. Nilisema ni majonzi. Mtu ukipata ulichokililia huanzi kukikagua.

Kilichoniudhi kipindi kile ni Bwana Adrian, mkuu wa ofisi ya Lukombo. Huyu ambaye hakuwa na muda wa kumtafuta askari wake, sasa alikuwa na muda wa kunipigia simu. Alisema dada yangu analima ndani ya hifadhi, ameharibu ngolo za kale, na kulima msituni ni kosa la jinai. Nikamwambia aliacha zamani, yuko kwangu. Akapiga tena wiki iliyofuata. Askari wake wamemwona asubuhi hiyo, kanga ya bluu, wakimkaribia ukungu unashuka wanampoteza. Nikamjibu dada yangu yuko jikoni kwangu, namwona kwa macho yangu, na kama askari wake wanaweza kumwona mtu ambaye hayupo basi wamtafute na Cuthbert. Nikakata simu. Akapiga tena. Tukatukanana kistaarabu mwezi mzima, yeye ananiona mwongo, mimi namwona mlevi.

Siku moja asubuhi nikasikia gari linasimama nje. Alikuwa Bwana Adrian mwenyewe, amejaa tope mpaka magotini. Hakunisalimu.

"Nimekuletea dada yako," akasema. "Uone nani mwongo."

Nilicheka. Nikamwambia aingie jikoni ajionee. Nilikuwa nimetoka huko sasa hivi, nimemwacha na ungo wa maharage, na hata pale mlangoni nilikuwa namsikia anachambua. Bwana Adrian naye akasikia. Akatazama mlango wa jikoni, akatazama gari. Uso ukambadilika.

Nikaenda kwenye gari. Askari wawili walikuwa wameshika mlango wa nyuma. Ndani alikaa mwanamke amebaki mifupa, kanga ya bluu imechanika, nywele zimejaa majani, mikono haina kucha hata moja. Alikuwa anawafokea wale askari kwamba wamemkalisha vibaya, wamempotezea jembe, na watamlipa. Alikuwa anabisha. Nilimjua kabla sijauona uso.

Nyuma yangu, jikoni, sauti ya maharage ikakoma.

Bwana Adrian ndiye aliyeingia, mimi nilibaki kwenye gari. Akatoka akisema hakuna mtu. Mlango wa jikoni ni mmoja tu na alikuwa amesimama mbele yake. Ungo ulikuwa kwenye kigoda, maharage yamechambuliwa nusu. Chini palikuwa na maji.

Tulimpeleka Walburga hospitali, wakamtibu, wakamtundikia maji, akaanza kula. Nilikaa naye siku zote, nikimwosha na kumsuka, na moyo ulikuwa unaniuma kwa kufikiria alivyokaa peke yake kule miezi yote ile akiniita, huku mimi nakula naye mezani. Nilipopata ujasiri nikamwomba msamaha. Nikamwambia sikujua, nilishika mkono nikadhani ni wake.

Akanitazama kwa mashaka, kama mtu anayepewa chenji pungufu. Akasema hakukaa peke yake. Devotha alikuwa naye.

Nikamwambia Devotha ni mimi. Akasema hapana. Devotha alimwachia mkono kwenye ukungu, akaanguka, halafu akarudi akamshika tena. Wakapanda pamoja. Wakafunika pamoja, siku zote, yeye na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa hachoki wala hagombi. Askari walipomkamata yeye, Devotha alikuwa amekwenda kuleta mbegu. Sasa atarudi atakuta hayupo.

Sijui niseme nini ili mnielewe jinsi ninavyoishi. Nimemwambia mambo ya utotoni ambayo tunayajua wawili tu, jina la mbuzi wetu, kidonda cha mguuni kwangu kilipatikanaje. Anasema hayo yote yule wa kule anayajua pia, na anayasimulia vizuri zaidi. Nimemletea padri, akamwombea, akaitikia amina zote na padri alipoondoka akaniuliza lini nitamrudisha kwa mdogo wake. Hamphrey alipanda tena kutoka ziwani, akamwona, akaniambia nimshukuru Mungu nimempata dada. Bibi Gertruda nilimfuata mpaka kwake kumuuliza kinachofanyika sasa. Akasema hilo yeye halijui, aliyelijua alikufa.

Jikoni nimepaka rangi mara tatu. Pale ukutani yule alipokuwa akiegemea, panalowa. Fundi alibomoa akatafuta bomba linalovuja, hakuna bomba upande huo. Asubuhi ukipapasa pana chembe za mchanga mweupe wa ziwani. Nafagia, kesho upo tena. Siku hizi napikia nje.

Wiki iliyopita Bwana Adrian alipiga simu. Hatugombani tena tangu siku ile, tunaongea kama watu waliofiwa pamoja. Lakini sauti yake ilikuwa na lawama. Alisema walidhani mambo yamekwisha, mbona kuna safu mpya imefunikwa. Aliniomba niache kabisa kulima kule, hata kama nina uchungu, maana askari wake sasa wanaogopa kuingia zamu.

Nikamwambia dada hajatoka. Ninalala naye chumba kimoja.

"Sisemi dada yako," akasema. "Wamekuona wewe."

Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika, mikono yangu ilikuwa na mafuta, nilikuwa namsuka dada. Akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, alitabasamu.

"Si nilikwambia ananisubiri," akasema, akavuta kanga yake kitini na kuanza kujifunga.

Nimefunga geti kwa kufuli, ufunguo nimeuvaa shingoni. Yeye ameketi mlangoni amejifunga kanga, ananiomba kwa upole, kama anavyoombwa mgeni aliyekaa siku nyingi, nimfungulie aende kwa mdogo wake.